Magoti Mbele ya Toroli

...na fundo lenyewe linatosha, amelikaza mara mbili, moja mbele ya tumbo la Joyness na jingine nyuma ya kiti, pale ambapo toroli hili lilipokuwa jipya palikuwa na mkanda na sasa kimebaki kipande cha plastiki kinachoning'inia bila kazi, kwa hiyo khanga, Annastella siku hizi haingii supamaketi bila khanga ya kumfungia mtoto, wacha wacheke, dada mmoja wa kwenye rafu ya sabuni amecheka kweli, "mama, unamfunga kama mbuzi wa sikukuu," na yeye akacheka naye kidogo kwa sababu hakuwa na nguvu ya kununa, nguvu zimekwisha tangu asubuhi, tangu juzi, tangu mwezi wa tatu, akalitikisa toroli tena aone kama kiti kinacheza, hakichezi, miguu ya mtoto iko kwenye matundu yake, makalio yamekaa, mizigo mizito iko chini na imesogezwa mbele, sukari na sabuni za mche, ili toroli lisije likabinuka nyuma, nani amemfundisha haya yote, hakuna, amejifundisha mwenyewe, na kwa kuchelewa, na mbele yao kuna watu wanne na foleni haiendi, Klaudia wa kaunta amekunja mikono anaitazama mashine ya risiti, "mtandao, ndugu zangu, mtuvumilie," mtandao, sawa, usirudi basi, kaa huko huko uliko, anajikuta anaomba kimoyomoyo usirudi mpaka saa nane ipite, maana saa nane basi la Muleba linaondoka na Joyness ataondoka nalo, amepakatwa na bibi yake, na begi la nguo zake liko hapa hapa ndani ya toroli chini ya maziwa ya unga, amelipanga jana mwenyewe, akikunja na kukunjua, gauni lile lile mara tatu... "Ile sweta ya njano umeiweka?" anauliza mama mkwe, kwa Kihaya, maana Ma Kokuberwa Kiswahili anacho ila amekiweka kwa ajili ya hospitali na ofisi ya kata, "kwetu kuna baridi, si kama hapa kwenu ziwani," nimeiweka, mama, "na zile ndala?" nimeziweka, "mtoto ndala za nini, atatembea peku kwenye kibanja, kwenye migomba, kama baba yake," basi mbona umeuliza, lakini hilo halisemi, anasema ndiyo, mama, leo ameshasema ndiyo, mama mpaka mdomo umekauka, na kiganja cha mama mkwe, kikavu, chenye mishipa, kimeshika mpini wa toroli karibu kabisa na kiganja chake, wamelishika wawili, na mbele ya mikono hiyo minne mtoto wa miaka miwili na nusu anatafuna kona ya pakiti ya biskuti ambayo bado haijalipiwa.

Na ni hapa hapa, hatua kumi tu nyuma, kwenye mafuta ya kula, kila akipita pale haangalii chini na kila akipita anaviona vigae vile vyeupe kimoja kimoja, siku ile hakukuwa na khanga, siku ile Joyness alikuwa amesimama ndani ya kikapu chenyewe katikati ya unga na mchele, ameshika ukingo kama padre kwenye mimbari, amesimama, ndiyo, Annastella ndiye aliyemwacha asimame, picha iko mlangoni, mtoto amesimama ndani ya toroli na mstari mwekundu umempita kifuani, kila mtu anaiona na kila mtu anaipita, yeye mwalimu, yeye anayewafundisha watoto tisini na nane wa darasa la pili kusoma mabango ya barabarani, aliipita, kwa sababu mtoto alilia alipokalishwa na kwa sababu alijiambia mkono si ninao, mkono si uko hapa, na mkono ulikuwepo, Mungu anajua, wa kulia kwenye mpini na wa kushoto kiunoni mwa mtoto, mpaka alipotokea Ma Kokuberwa upande wa chumvi, hakuna aliyejua kuwa yuko mjini, ametoka kliniki ya presha akaona apitie sukari, na Annastella akafanya alichokuwa akifanya tangu ana miaka minne, alichofundishwa na mama yake kule Rubafu kwa kofi la mgongoni, akapiga magoti. Hakufikiri. Magoti hayangoji ufikiri, mkwe ukimwona unashuka, mikono yote miwili unampa, na ukishampa si yako tena mpaka akuachie, yeye ndiye wa kukuachia, na Ma Kokuberwa ni mtu wa heshima za zamani, haachii upesi, mmeamkaje, mwanangu Evarist ameamkaje, shuleni kwema, na mama yako, na ule mguu wake, na migomba yake ile iliyonyauka, na Annastella chini pale anajibu moja moja, ndiyo waitu, tunashukuru waitu, waitu ya Kihaya ya kumheshimu mkubwa, kichwa ameinamisha kama inavyotakiwa, simu imechomoka mfuko wa sketi imelala kwenye vigae karibu na goti, na nyuma yake toroli halina mkono hata mmoja, toroli lenye gurudumu lisilotulia, akasikia mtoto anacheka, alikuwa anachungulia amwone bibi yake, nesi alikuja kumweleza baadaye kwamba mtoto wa umri ule kichwa ndicho kizito, akiinama kidogo tu kichwa kinatangulia na mwili unafuata, na toroli nalo linafuata mwili, alielezwa vizuri, kwa upole, kama vile kuna mtu aliyeuliza... akasikia kicheko, akavuta mikono. Hili ndilo ambalo hajamwambia mtu. Alivuta mikono na mikono haikuachiwa, si kwamba ilikatazwa, ni muda mdogo tu, muda wa kumeza mate, mzee alikaza, labda aliona huu ni utovu wa adabu, mtu hujaachiwa unavuta, labda hakuona chochote, alikuwa katikati ya kuuliza habari za mguu, na ndani ya muda huo toroli likalala ubavu.

"Mbuzi naye amezaa, nilikwambia?" Ma Kokuberwa anasema, "mapacha, mmoja mweupe kichwani, atafurahi huyu," na anamgusa Joyness shavuni kwa kidole kilichopinda, na mtoto anacheka, anampenda bibi yake, hilo nalo lipo, ingekuwa rahisi kama asingempenda... sauti ile ya kichwa kwenye kigae haijamtoka mpaka leo, anaweza kuwa anasahihisha madaftari ikaja, anaweza kuwa kwenye misa, mfupa wa mtulinga umevunjika, daktari alisema, kichwani hakuna ufa, mshukuruni Mungu, tumwangalie siku mbili, akatapika, wakaangalia, hakutapika tena, mkono ukafungwa kifuani kwa bandeji mwezi mmoja na zaidi, na hata sasa akinyanyua mikono avalishwe blauzi, wa kushoto unachelewa, Evarist anasema haoni tofauti, Annastella anaiona. Na hata hivyo yangeweza kuishia hapo, watoto huanguka, watu husamehe, isipokuwa simu, yule mlinzi pale mlangoni, Mashimba, mtu wa Geita, mtu mwema, ndiye aliyembeba Joyness mpaka kwenye teksi bila kuvua kofia yake ya kazi, yeye alikuja baada ya kishindo, akamkuta mama yuko chini kwenye vigae na simu iko pembeni yake, na Evarist alipomuuliza akamwambia alichokiona, nilimkuta mama yuko chini na simu yake, basi, wala hakudanganya, ukiangalia sana hakuna uongo hata kidogo ndani ya maneno yale, ila yalipofika Muleba yalikuwa yameshapata miguu, Jumapili ya kwanza alikuwa anaongea na simu, Jumapili ya pili alikuwa anaongea na mtu anacheka, na siku walipoitwa kwenye kikao cha ukoo alikuwa anapiga picha, walimu wa siku hizi, alisema shangazi mmoja, macho yako kwenye kioo cha simu, mtoto atajijua.

Na mama mkwe alikuwepo kikaoni, amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, anatafuna kahawa yake kavu punje moja moja, na hakusema alikuwa kwenye simu, hata siku moja hakusema hivyo, Annastella amelirudia hilo kichwani ili asimwonee mzee wa watu, hakusema, ila pia hakusema hakuwa, na Annastella alimtazama, akasubiri, akasubiri kama anavyosubiri darasani mtoto anayelijua jibu na haoneshi kidole, alikuwa ananisalimia, maneno mawili tu, yangetosha, na punje nyingine ya kahawa ikaingia mdomoni, na yeye mwenyewe angesema nini, asimame mbele ya wakwe aseme mama yenu alinishika mikono, mtoto ameanguka kwa sababu ya heshima zenu, wangesema sasa anamsingizia mzee, ameona simu imemshinda amehamia kwa mama wa watu, akafunga mdomo, wakanyamaza wote wawili, kila mmoja na lake, na katikati ya ukimya wao Ta Lwakatare, kaka mkubwa wa marehemu baba mkwe, akakohoa akasema mtoto aletwe kijijini mpaka afikie umri wa shule ya awali, mama yake apumzike. Apumzike. Wakapita Kemondo ndipo Evarist akasema ni kwa muda tu, Stella, akiuambia usukani. Na kinachomuuma zaidi, akiwa mkweli, na hapa kwenye foleni hana wa kumdanganya, ni kwamba kuna kipande chake kilichokubali, kilisikia apumzike kikataka kujilaza hapo hapo mkekani, kwa sababu amechoka, jamani, amechoka kuyatazama magurudumu, amechoka kukagua mikanda na kuhesabu mikono ya mtoto, wa kulia, wa kushoto, yote iko ndani, amechoka kushtuka kila toroli la mtu mwingine linapopita na mtoto ananing'inia ubavuni, anataka kumwambia mama yule asiyemjua, mshushe, na hamwambii, nani yeye wa kumwambia mtu, na ukiambiwa jambo miezi miwili mfululizo unaanza kuliona, kuna siku amejiona mwenyewe ameishika simu pale kwenye mafuta, anaiona kabisa, ina mwanga... huenda kweli, huenda mtoto atakuwa salama na mbuzi.

"Jamani bado kidogo tu," anasema Klaudia, na mtu wa mbele anashusha pumzi na kuweka kreti ya soda sakafuni, na Ma Kokuberwa anasema kitu kuhusu uji, uji wa ulezi, asiwekewe sukari nyingi, au ni yeye anaulizwa kama huwa anamwekea sukari nyingi, nusu analisikia na nusu linampita, halafu hasikii kabisa, maana mlangoni Mashimba amesogea pembeni kumpisha mzee mwenye koti na fimbo, na mzee anavua kofia, anaangaza huku na huku kama mtu aliyeingia kanisa la ugenini, na anawaona. Ta Lwakatare. Amekuja mjini kuhakikisha mtoto anapanda basi, au amekuja kununua betri za redio, yote yanawezekana, anakuja, anatabasamu, fimbo inagonga vigae, tok, tok, na Annastella anajua kitakachofuata kama anavyoijua Baba Yetu, atafika, atanyoosha mkono, na mimi nitashuka, nitashuka hapa hapa mbele ya toroli, na mikono yangu itakwenda kwake, yote miwili, na ataanza kuuliza, yule akianza kuuliza anaanzia kwa babu, na fundo la khanga, ni fundo mara mbili, linatosha, si limetosha, na anahisi nyuma ya magoti kile kitu cha miaka yote, kulegea kule, miguu imeshaanza bila yeye.

Lakini mama mkwe anamtangulia, ni mke wa mdogo wake, naye ana adabu yake, ana miaka sabini na mbili na magoti ambayo kliniki wameyakataza kukunjwa, na anashuka, anaubonyeza mpini ajishushe nao, uzito wake wote wa kikongwe uko kwenye mpini, na magurudumu ya mbele yanaacha kigae, upana wa kidole, vidole viwili, sukari inateleza kuja nyuma, Joyness anakodoa macho, halafu goti la kwanza linagusa chini, na la pili, na mama mkwe anaachia. Anaachia kabisa, mikono yote miwili inakwenda kwa shemeji yake, na toroli linarudi chini kwa kishindo kidogo na kuanza kuondoka lenyewe kwa lile gurudumu lake. Na mkono wa Annastella uko juu ya kifua cha mtoto, hakuupeleka, ameukuta pale, na mwingine umeukamata mpini, na mguu umezuia gurudumu, na anatazama chini kwenye kitambaa cha kichwa cha mama mkwe, kilichoinama, kinachosema ndiyo waitu, tunashukuru waitu, na anaona, si kwamba anakumbuka, anaona, kwa macho haya haya yanayosemekana hayaoni, kumbe hivi ndivyo ilivyokuwa, hakuna simu hapa, hakuna anayecheka na mtu, kuna mwanamke mzima aliyelea watoto saba na wajukuu hawana idadi, ameshika toroli lenye mtoto anayempenda, na ameliachia, na ukimuuliza sasa hivi atakuapia hakuachia, hana habari kwamba mikono ilikuwa mahali, iliitwa ikaenda, kama yangu, mama, kama yangu siku ile, na hasira aliyoibeba miezi miwili, hasira ya punje za kahawa, inatafuta pa kushika pale kwenye mgongo ule mwembamba na haipati, inabaki huruma, na nyuma ya huruma kitu kingine kigumu kidogo, chenye afya, sikuwa nimeshika simu. Sikuwa nimeshika. Na Muleba mtoto atapelekwa sokoni kwa mikono hii, atapelekwa kisimani, na kila mwenye mvi akipita itaachia.

Ta Lwakatare ameuachia mkono wa shemeji yake, kwa ufupi wa ajabu, na sasa ananyoosha kwa Annastella, na foleni nzima inatazama kwa sababu mtandao umekata na watu hawana kingine cha kutazama, na magoti yake yako nusu njia, yamekunjwa nusu, hayako chini wala juu, anayahisi yakimdai, mama yake wa Rubafu yuko mgongoni na kile kiganja chake, shuka, mwanangu, utaniaibisha, na chini ya kiganja chake yeye kifua cha mtoto kinapanda na kushuka, kina makombo ya biskuti. Ananyoosha magoti. Polepole, kama mtu anayenyanyua ndoo. "Shikamoo, baba," anasema, amesimama, kichwa ameinamisha, anatoa mkono mmoja, wa mpini, mguu umebaki kwenye gurudumu, "utanisamehe, baba." Na mzee anautazama ule mkono mmoja kama mtu aliyekaribishwa kiti kibovu, haupokei na haukatai, na Annastella anawaza basi, sasa watapata na la adabu, simu na adabu, niwe sina vyote, ila huu wa kifuani kwa mtoto siutoi, wacha waseme siku nzima siutoi.

"Mwache, shemeji," anasema Ma Kokuberwa kutoka chini. Anasema kwa Kiswahili. Kiswahili chake kile cha hospitali, kilichonyooka, cha kusikika mbali, na haangalii juu kwa shemeji yake, anautazama mkono ulio juu ya kifua cha mjukuu wake, kisha mpini wa toroli, kisha mikono yake mwenyewe iliyo mitupu mapajani, anaitazama kwa muda, kama imeletwa na mtu, halafu anatazama kule mlangoni alikosimama mlinzi. "Mwache. Ameshika mtoto. Siku ile alikuwa anasalimia, mimi ndiye nilimshika mikono." Kofia ya Mashimba inageuka. Klaudia ameacha kuitazama mashine. Ta Lwakatare anaupokea ule mkono mmoja kwa mkono wake mkavu na mzito, na hajui aanze kuuliza nini, na Annastella anasubiri kulia na kilio hakiji, amechoka hata kwa hilo, kinachokuja ni begi, begi lililo chini ya maziwa ya unga, litarudi nyumbani Bilele, Evarist nitamwambia leo, kwa mdomo wangu, akiwa amekaa na hana usukani wa kuuambia, na wewe mama utakuja kumwona mjukuu wako utakavyo, na siku hiyo nitakusalimia kwanza nikiwa nimemkalisha chini, na mama mkwe bado yuko pale chini, anahitaji mtu wa kumnyanyua, na nina mkono mmoja tu ulio huru, haya, mama, shika huu. Watu wanne mbele yao bado ni wanne. Mtandao haujarudi, na Joyness amemaliza kona moja ya pakiti na ameanza nyingine.